Simu ya Baba Ombeni

Aprili 2
Msimu umeanza na mimi nimefungua daftari jipya, kama ninavyofanya kila mwaka tangu Ombeni aanze kulipwa kwa kurusha mpira. Mume wangu hunicheka. Anasema besiboli ina watu wa kuandika kila pumzi ya mchezaji, sasa mimi naongeza nini. Mwaka huu ananicheka kwa simu, maana yuko kwao Usangi, nyumbani Tanzania, tangu Februari, anaezeka upya nyumba ya marehemu mama yake. Ombeni yuko kaskazini, kwenye timu ya daraja moja tu chini ya ligi kuu. Anasema kuna baridi hadi vidole havishiki mpira.

Aprili 11
Mvua hapa kwetu Hyattsville, mvua kwa Ombeni. Hakuna mechi. Nimelala hadi mchana.

Aprili 19
Tukiwa njiani kurudi kutoka kazini Columbia, Abigail aliniuliza mwanangu anafanya kazi gani hasa. Abigail ni Mkenya, tunahudumia wazee pamoja zamu ya usiku, na gari ni lake kwa hiyo ana haki ya kuuliza chochote. "Mimi nilimwatch jana game yote," akasema, "na kijana amekaa tu. Wanamlipa akae?"

Nikamweleza. Kuna mrushaji anayeanza mechi, huyo ndiye bwana harusi. Ombeni ni wa wale wanaokaa pembeni kwenye uzio wao, wenyewe wanauita bullpen, mimi napaita zizini, wakingoja bwana harusi aharibu. Ikiharibika, simu ya zizini inalia, anatajwa mtu, anaingia. Kazi yake ni kuitwa nyumba ikiwa tayari inaungua.

"Kama sisi tu," Abigail akasema.

Ombeni alianzia kwenye uwanja nyuma ya maghorofa yetu, alipokuwa mdogo, kwa sababu watoto wa Kisalvado, majirani zetu, walipungukiwa mtu mmoja. Baba yake, dereva wa teksi asiyejua besiboli hata ya kusingiziwa, akanunua glavu ya mtumba, akageuza ndoo ya rangi akaikalia, akawa anamdakia kila jioni kabla ya kwenda kazini. Kisha timu ya shule, kisha chuo kidogo cha hapa kaunti, kisha ligi ya wanafunzi ya kiangazi ambako wanacheza bure na kulala kwenye nyumba za watu. Siku timu kubwa zinapochagua vijana wapya hakuna aliyemchagua. Akaenda York, Pennsylvania, ligi ya waliokataliwa, akakaa huko hadi timu ya Washington ikamwona, ikamweka kwenye timu zake za chini. Mpaka leo, kabla ya kila mechi humtumia baba yake ujumbe wa sauti. Yeye anaongea Kiingereza, ambacho humu nakigeuza Kiswahili, baba anajibu Kiswahili. Wenyewe wanaelewana.

Mei 7
Leo ni Alhamisi. Nilipofungua mlango asubuhi nikamkuta Mzee Clement, mkewe, na mchungaji, wote wamevaa nguo za kanisani. Mzee Clement ni mwenyekiti wetu Watanzania wa huku, anafanya kazi ofisi za kaunti Upper Marlboro, hawezi kuacha kazi Alhamisi asubuhi kuja kunywa chai. Nikajua kabla hajavua viatu.

"Mama Ombeni, kaa kwanza," akasema.

Shemeji yangu Sebastian, mdogo wa mume wangu huko Usangi, alikuwa na namba yangu. Hakunipigia mimi, alimpigia Clement, kwa sababu msiba haupewi mtu kwa simu akiwa peke yake. Inabidi watu wazima waje, wakukalishe, maji yawe karibu, ndipo waseme. Ni moyo. Mume wangu Gregori alikuwa ameshuka kwenye ngazi, akasema anapumzika kidogo, hakuamka tena.

Nilipoweza kuongea nikauliza habari ya Ombeni. Mzee Clement akasema kijana yuko hotelini na watu wasiomjua baba yake, habari hii hatumpi kwa simu. Akirudi nyumbani tutamkalisha kama tulivyokukalisha wewe. Ni sawa kabisa, hata mimi ningemshauri mwingine hivyo. Ila nilikubali haraka mno. Wiki hii Ombeni alikuwa ameniambia wakubwa wa timu wameanza kuja kumtazama.

Mei 24
Nimemzika mume wangu na nimerudi. Ombeni nilimwambia nakwenda kumsaidia Baba kuezeka. Kila aliponipigia nilipokea nikiwa sebuleni kwa Sebastian, waombolezaji nje wanaimba, nikamwambia ni kwaya ya kanisa inafanya mazoezi. Alitaka kumwona Baba kwa video. Nikasema mtandao wa milimani haufai.

Sebastian alinipa simu ya Gregori siku ya kuondoka. "Chukua shemeji. Kijana anatuma sauti kila siku. Inalia kwenye kabati, na sisi tunaogopa."

Mei 27
Nimesikiliza moja tu. Sikujua nitafanya kitu gani kingine, nilitaka kusikia sauti ya mtoto. "Baba, leo tunacheza na Buffalo. Mvua imekatika. Nipo." Basi, hayo tu.

Nikasahau kwamba ukisikiliza, vitiki vya wasapu vinageuka buluu. Dakika haikupita akatuma nyingine, anacheka, anasema, finally, Baba, nilidhani umenisusa. Anacheka kama alivyokuwa anacheka mtoto. Ningefanyaje? Nikaandika kama Gregori anavyoandika, bila nukta, bila herufi kubwa: nipo mwanangu mtandao mbovu tupa tu

Mei 28
Alirusha vizuri sana jana.

Juni 3
Joto. Nyenje wa miti wameanza kupiga kelele nje mchana, sipati usingizi. Simu ya Gregori naichaji jikoni kila asubuhi nikitoka kazini, kabla sijala. Naihudumia kama wale wazee wangu.

Juni 8
"Usimwambie Mama," alisema leo, "lakini kiwiko kinauma. Na kabla ya mechi natapika. Kila mechi. Nikisikia simu ya bullpen inalia nageuka pembeni natapika kwanza."

Nilijibu: mwambie daktari wa timu leo usingoje

Akamwambia. Ni uvimbe mdogo, wamempumzisha, atarudi mwisho wa wiki. Ningekuwa mimi Mama ndiye niliyemwambia, angesema I'm fine, Mama, I'm fine, hadi mkono udondoke. Huyu mtoto haniambii kitu tangu sauti yake iwe nzito. Sasa naambiwa kila kitu. Naandika ukweli hapa maana daftari ni langu: nilipenda. Mume wangu yuko udongoni na mimi nafurahi kuambiwa siri alizopaswa kuambiwa yeye.

Juni 9
Nimemwambia Abigail. Sikupaswa.

Alizima redio ya gari. Taa ikawa kijani, watu nyuma wakapiga honi, ndipo akaondoa gari. "Edna, skiza. Hata kwetu mtu haambiwi kwa simu. Hiyo naelewa kabisa. Lakini kumjibu? Unamjibu kama nani?"

"Nitamwambia akirudi."

"Huyo kijana anaongea na maiti, na maiti inamrudishia majibu. Hiyo itakuchoma, mimi nakuambia."

Tumesema habari za mvua mpaka nyumbani.

Juni 15
Jumatatu ndiyo siku yao ya mapumziko. Alikuwa aje. Mzee Clement aliomba ruhusa kazini, mkewe akapika, mchungaji akawa tayari. Jana usiku Ombeni akaruhusu pointi nne, mechi ikapotea mikononi mwake, akasema haji, anabaki kufanya mazoezi. Wazee wamekula wali wao wakaondoka. Mzee Clement mlangoni akasema, "Mama Ombeni, hili jambo linaoza." Nikasema ndiyo, Mzee. Moyoni nilikuwa nimepona.

Juni 21
Siku ya akina baba hapa Marekani. Alituma sauti ndefu. Sikuisikiliza hadi mwisho.

Juni 30
Leo nimemjibu nikiwa nimechoka, nikaweka simu chini nikalala. Nilipoamka nikasoma nilichoandika. Kuna neno la Kipare, lugha ya kwao Gregori, mle ndani. Mimi ni mtu wa Songea. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulitumia neno hilo, lilikuwa lake, alilitumia kwa Ombeni tu. Nimekaa jikoni nikiangalia vidole vyangu. Nikasema kwa sauti, "Gregori, kama unataka kusema naye, sema mwenyewe, usinitumie mimi." Friji ikanguruma ikazima. Nikaogopa nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje na wanawake wa Kisalvado, ambao siwaelewi wanasema nini, hadi saa ya kazi.

Julai 5
Mechi mbili. Zote ameingia, zote ametoka salama.

Julai 14
Radi. Umeme umekatika Hyattsville nzima, simu ya Gregori ikazimika. Nilijisikia mwepesi. Umeme uliporudi nikaichomeka.

Julai 22
Wamemwita. Ligi kuu, hapahapa Washington. Alinipigia mimi kwanza, analia, nami nikalia, na tulipokata, simu yangu ikiwa bado sikioni, ile nyingine ikatetemeka mezani: anamwambia Baba.

Kundi letu la wasapu la Watanzania limechachamaa. Kijana wetu, kijana wetu. Halafu Mzee Clement akaandika, na naandika hapa alivyoandika: "Ndugu zangu, kijana bado hajakalishwa. Atakayekutana naye asimpe pole. Tumpe hongera tu." Watu wakajibu amina. Watu mia na zaidi, waliochanga rambirambi Mei, wote wamekubali kumficha mtu mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Nikaona aibu na nikaona pia fahari, sijui ipi ilitangulia.

Julai 23
Alikuja asubuhi kunywa chai. Timu imempa hoteli karibu na uwanja, lakini alitaka chapati. Amekuwa mkubwa, anajaza mlango. Simu ya Gregori nilikuwa nimeificha ndani ya kopo la unga, juu ya kabati.

Alikaa kwenye kiti cha baba yake. Akaniuliza Baba anarudi lini. Nikasema kazi ya bati haijakwisha. "Miezi mitano, Mama? Anaezeka kanisa?" Tukacheka. Kisha akatoa simu yake, akasema ngoja nimwambie niko hapa, akaanza kuongea: "Baba, nipo jikoni kwako, nakula chapati zako."

Kopo likaanza kutetemeka.

Nilidondosha sufuria makusudi. Ikabiringika hadi miguuni pake, akaiokota, akanipa, akaniangalia. "Mama, uko sawa?" Nikasema mikono ina mafuta.

Mlangoni akanishika bega. "Kesho naweza kuitwa. Nimemwambia Baba, kesho asiniandikie. Nataka sauti yake. Hata neno moja." Akasema kwa Kiingereza, lakini polepole, kama mtu anayetaka aeleweke.

Julai 24
Naandika mchana kabla ya kwenda uwanjani, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Nilipaswa kumpigia Mzee Clement jana ileile. Nilipaswa kumfuata mtoto hotelini na kupiga magoti. Badala yake nimechukua simu ya Gregori nikapanda juu, juu, miaka ya nyuma, kwenye sauti zote alizomtumia mwanawe. Nikapata moja fupi, ya zamani sana. "Tupa tu, mwanangu. Mpira ukishatoka mkononi si wako tena." Nilijua nikiituma ilivyo itaandikwa kwamba imetoka mahali pengine. Kwa hiyo nikajitumia kwanza mimi, nikaicheza kwenye simu yangu, nikairekodi upya kwenye simu ya Gregori, hapa mezani jikoni. Nilishika simu mbili, moja kila mkono, kama mganga. Nikatuma. Vitiki vikageuka buluu. Hakujibu kitu.

Julai 25
Alirusha. Ulimwengu mzima umeona, sina haja ya kuandika sana.

Tulikuwa safu mbili nzima za Watanzania na Abigail wetu. Ilipofika mwishomwisho mechi ikaanza kuungua, wakimbiaji wa timu pinzani wamejaza vituo vyote, na mlango wa zizi ukafunguka akatoka anakimbia. Mzee Clement alisimama akavua kofia. Ombeni alifika pale kwenye kichuguu chao cha kurushia akawapa wapigaji mgongo, akakaa hivyo muda mrefu hadi mwamuzi akamfuata. Nikadhani anaomba. Kisha akageuka. Wapigaji watatu walikuja na wote watatu wakarudi mikono mitupu, wa mwisho hata hakuinua gongo. Watu wakakumbatiana. Wenzake walimpiga mabegani na yeye aliwaacha wampige. Hakuangalia tulipokaa, na alijua tulipokaa.

Abigail akaniambia sikioni, "Huyo si mtu amefurahi."

Julai 27
Jumatatu. Timu inapumzika. Leo tumemkalisha.

Walikuwa Mzee Clement, mkewe, mchungaji, na Abigail niliyemwita mimi, ili awepo mtu mmoja aliyenikatalia. Ombeni alikuja saa nne kama alivyoambiwa. Aliwaona wamekaa, akaona glasi ya maji mezani, akavua viatu.

"Mwanangu, kaa hapa katikati," Mzee Clement akasema. "Wewe ni mtu mzima sasa. Tuna neno zito, na tumekuja wote ili usilibebe peke yako. Baba yako, ndugu yetu Gregori, ametutangulia."

"Najua, Mzee," Ombeni akasema.

Mchungaji alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono amshike. Mkono ukabaki hewani.

"Nani alikuambia?" Mzee Clement akauliza, na akaniangalia mimi.

"Mama." Alikuwa anaitazama ile glasi. "Ile voice ya Ijumaa ni ya York. Nilikuwa nataka kuacha mpira, nimepanga mabegi, Baba akanitumia. Nimeisikiliza labda mara elfu. I know every breath in it. Halafu nikasikia friji." Akanyoosha kidole jikoni, na friji, kama imeitwa, ilikuwa inanguruma. "Friji yetu iko chini ya sauti. Nikajiuliza, Baba yuko Usangi, friji iko Hyattsville, sasa nani amenitumia hii? Nikampigia Uncle Sebastian nikiwa bullpen. Sikumwuliza kitu. Nilisema hello tu, yeye akaanza kulia. Kisha ile simu ya ukutani ikalia wakasema jina langu."

Nami, Mungu anisamehe, nikauliza swali la kijinga kuliko yote: "Ukarushaje, mwanangu?"

"Sijui. Sikumbuki hata mpira mmoja."

Ndipo akaniangalia. Macho ni ya baba yake, sikuweza kuyakimbia. "Nimengoja siku hiyo tangu niko mdogo, Mama. Sikuwepo. Na yale yote niliyomwambia, kiwiko, kutapika, kwamba naogopa. Nilikuwa naongea na wewe."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa mimi."

"Nilikuwa nashangaa Baba amekuwa mpole hivi."

Abigail akaanza kulia kwa sauti, ya kwao, bila kujizuia, na hapo ndipo Ombeni naye akaanguka. Mzee Clement alimshika. Mimi nilinyoosha mkono nikaurudisha. Walimshika wao, kama ilivyopaswa kuwa Mei, na mimi nilikaa kwenye kiti changu nikitazama mwanangu akiliwazwa na watu wa nje.

Julai 28
Timu imempa siku za msiba. Ni chache, na Usangi ni mbali. Mtu mwingine amepandishwa leo kukaa zizini mahali pake, kijana wa Texas, wanasema ana mkono mzuri kuliko wote. Ombeni aliambiwa kwa upole kwamba hakuna anayeweza kumwahidi kiti chake akirudi. Akasema sawa.

Nilimpeleka uwanja wa ndege wa Dulles kwa gari la Abigail. Njia nzima alitazama dirishani. Miezi yote nilidanganya ili asipoteze kiti hiki kimoja, na sasa anakiacha kwa hiari, anakwenda kusimama mbele ya kaburi ambalo mimi nimeshalitupia udongo bila yeye. Nikasema, "Nilitaka ufike." Akasema, "Najua, Mama. Nilitaka kufika naye."

Pale wanapoagana watu alinyoosha kiganja. "Nipe simu ya Baba."

Nikampa. Ilikuwa na unga kwenye pembe. Aliipangusa kwa shati lake akaingia ndani. Hakunikumbatia na sikumwomba.

Julai 30
Jikoni kumetulia. Nimerudi kutoka kazini asubuhi nikaenda moja kwa moja kwenye waya wa chaji, hakuna kitu. Sijui afya yake, sijui anaogopa nini, sijui amekula. Nimerudi kuwa Mama, asiyeambiwa.

Julai 31
Nimetoka zamu sasa hivi. Joto limekatika kidogo. Abigail alinishusha, akaniuliza kama nimepata habari, nikasema bado.

Nilikaa mezani bila kuvua koti la kazi. Nikachukua simu yangu, nikatafuta jina la Gregori, ambalo sijalifuta, limeandikwa Baba Ombeni. Sikujua nazungumza na nani. Nikabonyeza nikasema: "Baba Ombeni, nimekosa. Nilimficha mtoto kilio chake. Niliwaonea wivu mlivyoambiana siri. Kama yuko hapo karibu, mwambie."

Nikaituma. Nilidhani basi, nimesema, naweza kwenda kujinyoosha.

Vitiki vikageuka buluu.

Halafu juu ya kioo, chini ya jina la mume wangu niliyemwona akishushwa, likatokea neno: anaandika. Nilijua ni nani. Najua nani ana ile simu, nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nywele zilinisimama na nikajikuta nimeshika ukingo wa meza, nangoja mfu aniambie neno. Lilipotea, likarudi, likapotea. Hivi ndivyo alivyokaa mtoto wangu hotelini tangu Mei, na yeye hakujua hata kuogopa.

Kisha ujumbe ukaingia. Kiswahili, na cha shida, kila neno limetafutwa.

"Mama hii ni Ombeni. Nimefika kaburi. Baba mdogo ameniacha peke yangu hapa. Sitaki kukaa peke yangu. Piga."

Nikapiga.